Choo cha Wageni

Choo safi kuliko vyote katika kijiji cha Tujitegemee kilikuwa cha Mzee Nyamhanga, na kilikuwa safi kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kukitumia. Kuta zilikandikwa udongo mweupe, mlango ulikuwa wa mabua yaliyofungwa kwa katani, na juu ya shimo ililala slabu ya saruji iliyotoka Makoko kwa gari la Shirika la Visima. Wankyo, mke wa Werema mwana wa mzee, alikifagia kila asubuhi. Alifagia vumbi na utando wa buibui, basi. Wageni walipokuja walipelekwa kukiona, wakachungulia, wakasifu, wakaenda zao. Watu wakakiita choo cha wageni, ingawa hata wageni wenyewe walijizuia mpaka Musoma.

Msiwacheke. Kabla ya Operesheni Vijiji ya mwaka sabini na nne, boma la Nyamhanga lilikuwa peke yake mlimani, mbele kidogo ya mahali paitwapo Buswahili. Wanawake walikuwa na vichaka vyao upande wa bondeni, wanaume vyao upande wa juu, na maisha yalikwenda. Mkwe na baba mkwe kwao si watu wa kuzoeana. Kigoda alichokalia mzee, mke wa mwanawe hakikalii. Mzee akipita njiani, mwanamke anageuza uso pembeni mpaka apite. Sasa watu hao ndio uwaambie wachuchumae kwenye tundu moja, huyu akitoka yule anaingia? Toba! Heri kufa.

Lakini malori yalikuja, nyumba zikaezuliwa, na watu wakashushwa kwenye uwanda uliopimwa kwa kamba, nyumba imefuata nyumba, mstari umefuata mstari. Hata jina la kijiji lilishuka kwenye malori hayo hayo. Vichaka vya wanawake havikuwepo tena. Kulikuwa na mashamba ya pamba, na kwa juu kidogo korongo lenye miiba. Wazee wakachukua korongo. Wanawake wakasubiri pamba irefuke.

Na maji yalikuwa ya kijito, ng'ombe wanakunywa na watu wanachota hapo hapo. Maji hayo ndiyo yaliyomchukua Enoka, mtoto wa kwanza wa Wankyo. Alihara, macho yakaingia ndani, akafa mgongoni mwa mama yake njiani kwenda zahanati. Wankyo hakujua mpaka alipomfungua. Tangu siku hiyo alikuwa na jambo moja tu moyoni, wala hakulificha: mtoto wake wa pili, Boke, hatakulia kwenye maji yale. Wenzake kanisani waliombea mvua na bei ya pamba. Wankyo aliombea pampu, kwa sauti, bila aibu.

Pampu zilikuwa za Shirika la Visima, watu wa kujitolea, wazungu kadhaa na Waafrika wao, ofisi Makoko kando ya ziwa. Hawakuwa watu wabaya. Waliona visima vinachimbwa na watu bado wanaugua, wakakaa wakafikiri, wakasema: kwanza choo, halafu pampu. Kaya moja, choo kimoja, slabu moja. Walianza kujaribu katika vijiji vichache, Tujitegemee kikiwemo, huku wakiwashawishi wakubwa wa wilaya kwamba hivyo ndivyo iwe kila mahali. Wakubwa walipenda haraka sana. Saruji ilikuwa ya shirika, jasho lilikuwa la wananchi, na wao ilibaki kazi ya kuhimiza. Na kuhimiza waliweza, jamani, hapo hakuna aliyewashinda.

Wankyo hakungoja aibu impate. Slabu ilipofika alimwambia mumewe, "Baba Boke, chimba shimo lingine nyuma ya zizi. La mzee peke yake. Tutaliwekea magogo."

Werema alichimba mpaka shimo likamfika kifuani. Ndipo Bwana Afya wa kata, mtu aliyeitwa Boniphace, akapita na baiskeli yake.

"Hili la nini?"

"La mzee," Werema alisema.

"Kwani mzee hana choo?"

Werema akainamia jembe lake. Mtoto wa kiume ataanzia wapi kueleza haja za baba yake mbele ya mkewe, mchana kweupe?

"Ndugu yangu," Boniphace alisema, wala hakusema kwa ukali, "mpango unasema kimoja. Wa Makoko wakija wakakuta shimo wazi, mbuzi katumbukia, watasema hatujaelewa. Tunakosa pampu kijiji kizima kwa ajili yenu. Fukia."

"Lakini Bwana Afya," Wankyo alidakia, "sisi huku tunakuwaga na heshima zetu, baba mkwe hawezi..."

"Mama, mila mziache mlikotoka. Hapa ni kijiji cha Ujamaa."

Shimo lilifukiwa jioni ile ile. Wankyo mwenyewe alisaidia kusukuma udongo kwa mguu, Boke yuko mgongoni, anacheka kila donge likidondoka.

Basi siku ya shirika ikafika. Mzungu mrefu alizungukia vyoo vyote na Boniphace, na nyuma yao akaja Helena, mwanamke wa mtaa wa Kitaji pale Musoma mjini, mkalimani wa shirika, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi mpaka kinang'aa. Alikuwa na macho ya kuuliza. Alipofika kwa Nyamhanga alikaa jikoni na Wankyo, akaomba maji, akaangalia rangi yake kwenye kikombe, akanywa hivyo hivyo.

"Dada, niambie ukweli," alisema. "Hiki choo mnakitumia? Mzee naye anaingia?"

Nje ya mlango wazee walikuwa wamesimama pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Walikuwa wanasikia kila neno. Na Mzee Nyamhanga alikuwa kati yao, ameshika fimbo yake, anatazama mbali kabisa upande wa kijito.

Wankyo alijua anachoulizwa. Kusema ukweli ni kutaja kinyesi cha baba mkwe mbele ya rika lake, na mke anayefanya hivyo hurudishwa kwao, ng'ombe wa mahari wakadaiwa nyuma yake. Kusema ukweli ni kuikosa pampu. Boke alikuwa amelala miguuni pake, mdomo wazi, ana matone ya jasho puani.

"Tunatumia wote," alisema. "Mzee naye."

"Hakuna shida yoyote?"

"Hakuna, dada."

Helena akamshika mkono kwa furaha. "Asante. Maneno yako nitayafikisha Musoma, wakubwa wanangoja kusikia kwa mwananchi mwenyewe."

Akayafikisha kweli. Kabla pamba haijavunwa, wilaya ilitangaza kwamba mpango wa shirika sasa ni mpango wa serikali: kijiji kisicho na choo kimoja kila kaya hakitachimbiwa kisima. Kuanzia Butiama na kuendelea, watu walichimba vyoo kwa mbio, vikafagiliwa, vikaangaliwa. Na kila mahali, jamani, makorongo yakaendelea kupata wageni wake wa asubuhi.

Pampu ya Tujitegemee ilifungwa bondeni, chini ya korongo, kwa sababu hapo maji yalikuwa karibu. Siku ya kwanza Wankyo alisukuma mpini mpaka mabega yakamuuma, akapeleka kiganja mdomoni, akalia mbele za watu. Shirika liliwaambia maji ya pampu hayahitaji kuchemshwa. Boke alinenepa, akaanza kukimbia, akawa na tabia ya kumfuata babu yake kila mahali akimshika pindo la nguo. Nyamhanga, ambaye hakuwahi kuongea na mkwewe zaidi ya salamu, aliongea na mtoto huyo kutwa nzima. Alimchongea ng'ombe wa udongo, akawapa majina ya ng'ombe wake wa zamani. Wankyo alikuwa akiwasikiliza kutoka jikoni na kumpenda yule mzee, kwa mbali, kama ilivyotakiwa.

Kisha ikaja masika ya mwaka sabini na nane. Mvua ilinyesha bila huruma. Korongo lilijaa, likamwaga kila kilichokuwa ndani yake, na maji ya kahawia yakateremka moja kwa moja mpaka kwenye saruji ya pampu, yakaizunguka, yakapenya pale ilipokuwa imepasuka. Wankyo aliyaona akiwa amesimama na ndoo yake. Akasukuma mpini, maji yakatoka meupe vilevile, akajituliza.

Kipindupindu kilikuwa kimeshatajwa huko ziwani. Kilipoingia Tujitegemee hakikubisha hodi. Mgambo walifunga barabara, soko likakatazwa, pombe ikakatazwa, na Werema, aliyekuwa akifanya kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, akabaki huko huko. Nyumbani walikuwa watatu: Wankyo, Boke na mzee. Mke wa Nyamhanga alikwisha kufa kabla ya malori.

Mzee ndiye aliyeanza. Hata tumbo linamkata, alikuwa bado na akili ya kwenda korongoni. Mara ya kwanza alikwenda kwa fimbo, akarudi ameshika ukuta. Mara ya pili hakufika. Alianguka nje ya mlango wake, kwenye tope, nguo zimechafuka zote, mvua inamnyeshea.

Wankyo alimwona kutoka jikoni. Akageuza uso. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na shingo iligeuka yenyewe kabla hajafikiri.

"Tata," alisema, yaani baba kwa lugha yao, akiutazama ukuta, "nimwite nani?"

"Mwite Werema."

"Werema yuko Bunda, Tata. Njia imefungwa."

Mvua ikapiga mabati ya jirani.

"Basi niache hapa."

Wankyo alikimbia kwa jirani yao Ngolo. Ngolo alisimama mlangoni, hakumkaribisha, akasema ndani ana wagonjwa wake mwenyewe. Nyumba ya pili hawakufungua, ingawa moshi ulikuwa unatoka. Alirudi ameshikilia khanga kichwani, akasimama juu ya mzee, akasema, "Tata, unisamehe," akainama, akapitisha mikono chini ya makwapa yake, akamnyanyua. Alikuwa mwepesi! Mtu mzima yule, aliyekuwa akitisha zizi zima kwa kikohozi, alikuwa mwepesi kuliko debe la maji. Mzee alijifunika macho kwa kiganja, kama mtoto anayefikiri kwamba asipoona haonekani.

Akampeleka chooni. Mahali pengine palikuwa wapi? Alimshika juu ya slabu ile safi asianguke, na choo cha wageni kikafanya kazi yake kwa mara ya kwanza tangu kijengwe. Kisha akamvua, akamwogesha. Mikono yake ilipita pale ambapo hata macho yake hayakuruhusiwa kufika. Mzee alikuwa akilia bila sauti, na si kwa maumivu. Wankyo naye alikuwa akilia, akimmwagia maji, akisema, "Imekwisha, Tata, imekwisha," na haikuwa imekwisha, kwa sababu ilibidi warudi humo tena na tena mpaka mchana ukaisha.

Alipoingia ndani kumtafutia nguo kavu, alimkuta Boke ametapika kwenye ngozi aliyolalia.

Kutoka hapo hakukaa. Alikoroga chumvi na sukari kwenye maji, kama redio ilivyosema, akawanywesha wote wawili kwa zamu, kijiko huku, kijiko kule. Maji yalikuwa ya pampu. Kuni zilikuwa zimelowa, na si shirika lilishasema ya pampu hayahitaji moto? Kila kijiko alichompa mwanawe alikitoa kwenye maji aliyoyaombea miaka yote. Mzee akayashikilia tumboni. Boke hakuweza.

Alfajiri Nyamhanga alifumbua macho, akamtafuta Wankyo kwa macho hayo, akasema, "Mama Boke, nipatie uji."

Hakuwahi kumwita hivyo. Alikuwa akimwita mke wa Werema. Na Boke alikuwa upande wa pili wa ukuta, amefunikwa khanga mpaka kichwani.

Mtoto alizikwa na mgambo kwa chokaa, bila matanga, bila nyimbo. Werema alipofunguliwa njia alikuta kaburi dogo limeshapata nyasi. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Hakuambiwa ni nani aliyemuuguza baba yake, naye hakuuliza. Nyamhanga alirudi kukaa mlangoni pake. Wankyo akipita, sasa ni yeye mzee aliyegeuza uso kwanza.

Boniphace alikuja akamwaga dawa kisimani, akafunga pampu kwa mnyororo. Watu wakarudi kwenye kijito.

Halafu gari la shirika likaja tena, na safari hii lilifuatana na la serikali. Mkoa ulikuwa unataka kuuchukua mpango wa Makoko uwe wa Mara nzima, kila kijiji, kila kaya choo kimoja. Watu wa shirika ndio waliosema ngojeni. Walisema: Tujitegemee walikuwa na vyoo vyote, imekuwaje wakafa? Twendeni tukawasikilize kwanza. Hilo lazima lisemwe, maana ni kweli: walikuja kusikiliza.

Kijiji kilikusanywa shuleni. Mzungu alikaa kwenye dawati la watoto, magoti juu. Mkubwa wa mkoa alikaa kwenye kiti cha mwalimu. Helena alisimama, hakuwa na furaha ya siku ile, akauliza kwa upole kama kuna mtu anajua sababu.

Kikohozi. Mtu akafukuza kuku.

Wankyo akasimama. Werema akamvuta khanga, akaiachia.

"Dada Helena, mimi nilikudanganya," alisema. "Siku ile jikoni. Vile vyoo hatuvitumiagi. Baba mkwe haingii anapoingia mke wa mwanawe, kwetu haiwezekani, na nyinyi mlitupa kimoja. Wazee wanakwendaga korongoni. Korongo linamwagikia kisimani. Sisi tulichimba cha pili tukaambiwa fukia. Tupeni viwili. Kila boma viwili, cha wazee na cha wake wa watoto wao, watu wataingia. Mimi sina tena mtoto wa kuombea. Nawaombea walio na watoto."

Darasa lilivuma. Wanawake waliinamisha vichwa, mmoja akasema taratibu, "Kweli." Helena alikuwa akitafsiri mbio mbio, na mzungu akawa ameinuka kwenye dawati, akauliza kitu, akauliza tena. Boniphace akatazama viatu vyake. Mkubwa wa mkoa akavua miwani.

"Hili ni jambo zito," alisema. "Kama ni hivyo, mpango hauwezi kupita ulivyo. Itabidi saruji mara mbili." Akaguna. "Lakini siwezi kubadilisha mambo ya mkoa kwa neno la mama mmoja aliyefiwa. Wazee wapo hapa. Mzee Nyamhanga, huyu ni mkweo. Anasema kweli?"

Nyamhanga aliinuka kwa fimbo yake. Wankyo alimtazama usoni, moja kwa moja, mbele ya kijiji, jambo ambalo mkwe hafanyi. Alikuwa anamsihi. Akasema moyoni, Tata, kwa ajili ya Boke. Kwa ajili ya wale ng'ombe wa udongo.

"Huyu binti amefiwa," mzee alisema. "Mtoto ameondoka na akili zake. Tumsamehe." Akaiegemea fimbo. "Vyoo tunatumia. Mimi mwenyewe nimeingia kwenye kile choo."

Na hapo hakudanganya. Aliingia kweli, na mmoja tu katika darasa lile ndiye aliyejua aliingiaje.

Ngolo akaitikia, "Tunatumia." Mwenyekiti akaitikia. Likawa la wote, upande wa wanaume, na wale wanawake wakazidi kuinama. Wankyo bado alikuwa amesimama. Neno lilikuwa kinywani mwake, limeshaiva: aliingia nikiwa nimembeba, nikamvua, nikamwogesha, mwulizeni. Angelisema tu, lingekwisha pale pale. Mzee alilijua neno hilo. Mkono wake usio na fimbo alikuwa ameuinua nusu kuelekea macho yake, kama siku ile ya mvua.

Wankyo akakaa.

Mkubwa wa mkoa akavaa miwani, akasema wazi kabisa kwamba amefarijika. Kilichowaua ni mvua, na uzembe wa kutonawa mikono, elimu iongezwe. Mpango ukapita.

Nje, Helena alimfuata mpaka kwenye ukuta wa shule, akamshika mkono. "Dada, mimi nakuamini. Bibi yangu mzaa baba alikuwa hivyo hivyo, haingii. Nipe kitu kimoja tu cha kuwaonyesha, hata sasa hivi, kabla hawajaondoka. Mwenzangu mzungu yuko tayari kupigana."

"Umemsikia mzee," Wankyo alisema.

"Na wewe je?"

"Mzee amesema, dada."

Magari yakaondoka na vumbi lake. Watu wakatawanyika, kila mmoja kwake. Pampu ilifunguliwa mnyororo wiki hiyo, mkoa uliagiza, na Wankyo akarudi kuchota, maana kijito kilikuwa mbali, naye alikuwa ameanza kutambua kwamba ana mwingine tumboni.

Asubuhi moja, ndoo ipo kichwani, alimwona Nyamhanga anakuja. Alikuwa ametoka nyumbani kwa fimbo yake, akakipita choo kile cheupe, akashika njia ya kupanda korongoni. Njia ilikuwa nyembamba, na iliwabidi wapishane. Wankyo alisimama pembeni, akageuza uso mpaka mzee akapita.